Kadi Haijafa, Haijaeleweka Tu

Leo siandiki siasa, wala bei ya mahindi, wala barabara. Leo nataka tuzungumzie kitu kidogo kuliko kucha ya kidole gumba: memori kadi. Hasa ile inayogoma. Unaichomeka kwenye kompyuta, unasubiri, kimya. Au inatokea sentensi moja fupi: kadi hii haisomeki, je, unataka kuifomati?

Jamani, hiyo sentensi! Inauliza kwa adabu kabisa, kama mhudumu wa mgahawa anayeuliza kama utakunywa chai ya rangi au ya maziwa. Kumbe swali lenyewe ni hili: nifute kila ulichonacho humu ndani? Na wengi wetu tunajibu ndiyo, kwa sababu tumeshaambiwa kadi imekufa na tumeshaamini.

Mimi nasema kadi nyingi zinazozikwa hazijafa. Hazijaeleweka tu. Naomba nieleze nilivyofika kwenye imani hiyo, na kwa wale wanaotumia Linux kama mimi, niwaachie na hatua za kufuata siku yakiwakuta.

Agosti 2021 nilikuwa Kate. Kwa asiyepajua, Kate ni mji mdogo wenye misheni ya Wakatoliki, uko wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, juu kwenye uwanda wa Ufipa. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa, yote mawili yako bondeni huko, na wewe uko juu kwenye upepo. Agosti ni kiangazi: asubuhi baridi ya kuvaa koti, mchana vumbi. Mahindi yameshavunwa na watu wana nafasi ya kukaa na kuzungumza. Ndiyo maana nilichagua mwezi huo.

Nilimfuata mzee mmoja aliyezaliwa miaka ya 1930. Babu yake alikuwa mfua chuma, tena si wa kufua vyuma chakavu vya magari. Zamani Wafipa walikuwa wakitoa chuma kwenye mawe ya nchi yao wenyewe. Walijenga tanuru la udongo lililompita mtu kwa urefu, ambalo wenyewe huliita ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Ndani walijaza mkaa na mawe yenye chuma, na tanuru likavuta upepo lenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopenyezwa chini kulizunguka. Hapo hakuna mtu aliyevukuta. Kilichotoka kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuru la pili, dogo, na huko ndiko mivukuto ilikofanya kazi, kabla fundi hajafua jembe, shoka au mkuki.

Kazi hiyo ilikufa taratibu majembe ya dukani yalipoenea. Mwaka 1937 R.C.H. Greig aliandika habari zake katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na mwaka 1969 J.A.R. Wembah-Rashid naye akaandika juu ya wafua chuma wa Ufipa. Maandishi hayo yako kwenye maktaba za mbali. Mzee wangu yuko Kate.

Nilikuwa na kamera ya video niliyoazima kwa rafiki wa Sumbawanga, na kadi mpya ya GB 64. Siku ya kwanza mzee alizungumza Kiswahili: alikozaliwa, shule ya misheni, ukoo wao, safari za miguu za kwenda ziwani kutafuta samaki. Siku ya pili tukaingia kwenye kazi yenyewe. Majina ya mawe. Miti inayofaa kwa mkaa na isiyofaa. Miiko ya siku za kazi. Dawa zilizofukiwa chini ya tanuru kabla halijawashwa. Hapo mzee akaacha Kiswahili akahamia Kifipa moja kwa moja. Mjukuu wake, kijana aliyemaliza kidato cha nne, akaniambia, "Kaka, babu anasema mambo ya huko hayana Kiswahili."

Kifipa changu mimi ni cha kusalimia na kuomba maji ya kunywa. Nikaiacha kamera iendelee. Saa nzima, ikapita ya pili, mzee anazungumza na anaonyesha kwa mikono, mara anaimba kidogo, na mimi pale sielewi kitu zaidi ya neno moja moja. Lakini nilijua kuna kitu kinasemwa. Hilo naomba ulishike, tutalirudia. Nilipatana na mjukuu kwamba tutakaa pamoja baadaye, tusikilize polepole, tuandike neno kwa neno.

Mwishoni mzee alipumua, akanitazama, akasema kwa Kiswahili, "Mjukuu wangu, haya nimeyasema mara moja. Kifua hiki hakina pumzi ya kuyarudia." Nikamwambia, "Nimekusikia, babu. Nitayatunza."

Jioni nikaenda kwenye duka moja lenye sola ili nichaji betri na kuhamishia kazi kwenye laptopu. Nikachomeka kadi. Ikagoma.

Laptopu yangu ni ya mtumba, yenye Linux ya mwaka 2018. Kwenye Linux, ili uone mafaili ya kadi, lazima kwanza mashine iipachike kadi ile, yaani iikubali, ielewe mpangilio wake na kuifungulia folda. Mashine ikakataa kuipachika. Mwenye duka, kaka mkarimu kabisa, akaitia kadi kwenye simu yake. Simu ikasema: kadi imeharibika. Akaitia kwenye kompyuta yake ya mezani, ya miaka mingi, ambayo kila siku huitumia kuwawekea watu nyimbo. Kompyuta ikasema: kadi haijafomatiwa, je, niifomati sasa?

"Kaka mwandishi," akaniambia kwa huruma, "hii imeshakufa. Nikufomatie walau ikufae kesho?"

Nikamshukuru, nikaomba anirudishie. Sikumlaumu hata kidogo. Mashine mbili zilikuwa zimempa jibu moja, na kwenye kazi yake ya nyimbo kufomati ndiyo dawa ya kila siku, kwa sababu wimbo ukifutika unawekwa mwingine. Ila mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi hachapishi habari ya kifo cha mtu kwa kusikia watu wawili waliosimama mlangoni. Unaingia ndani. Unauliza: mmemwona? Mmemgusa? Anapumua?

Nikarudi kwenye laptopu yangu nikasoma vizuri kile ilichoandika. Haikusema imeharibika. Haikusema haijafomatiwa. Ilisema, kwa tafsiri yangu: siujui mfumo wa faili unaoitwa exfat.

Tuyaweke majibu matatu pamoja. Simu: imeharibika. Kompyuta ya mezani: haijafomatiwa. Linux: siujui. Mbili za kwanza zilizungumzia ubovu wa kadi. Ya tatu ilizungumzia upungufu wake yenyewe, na ikanitajia hadi jina la kile isichokijua. Ndugu zangu, tofauti kati ya "imeharibika" na "sielewi" ni kubwa mno! Ya kwanza inafunga mazungumzo. Ya pili inakuelekeza pa kutafuta.

Sasa hiyo exFAT ni nini? Mfumo wa faili ni utaratibu wa kupanga vitu ndani ya kadi, mfano wa daftari la ghala: gunia gani liko wapi, lilianzia wapi, limeishia wapi. Bila kulielewa daftari, ghala limejaa lakini mtunza ghala haoni kitu. Kadi za SD zilianzishwa mwaka 1999 na kampuni tatu, SanDisk, Panasonic na Toshiba. Zile ndogo za mwanzo, hadi GB 2, ziliandikwa kwa utaratibu wa FAT wa zamani. Mwaka 2006 zikaja SDHC, hadi GB 32, na hizo hutumia FAT32, ambayo karibu kila kifaa kinaielewa. Mwaka 2009 zikatangazwa SDXC, za kuanzia juu ya GB 32 hadi TB 2, na waliopanga viwango wakaamua hizo zitumie exFAT.

Kumbe hapo ndipo penye fundo. exFAT ilitengenezwa na Microsoft mwaka 2006, na kwa miaka mingi ilikuwa na mwenyewe: ililindwa kwa hataza, yaani haki za uvumbuzi, na aliyetaka kuiweka kwenye kifaa chake alitakiwa kupata leseni. Jambo hilo halikuwa la mzaha. Februari 2009 kampuni ya TomTom ilishtakiwa na Microsoft, na miongoni mwa madai yalikuwamo yanayohusu ile FAT ya zamani ndani ya vifaa vinavyotumia Linux. Wakapatana mwezi uliofuata. Kwa hiyo watu wa Linux, wanaogawa programu zao bure, walikaa mbali na exFAT kwenye kiini cha mfumo wao. Januari 2013 Andrew Nayenko alitoa toleo la kwanza kamili la programu ya pembeni ya kuisoma, lakini ulipaswa kuiongeza mwenyewe. Agosti 2019 ndipo Microsoft ilipoweka hadharani maelezo ya exFAT na kukubali iingie kwenye Linux. Ikaingia kwenye kiini namba 5.4 mwezi Novemba mwaka huo, ikiwa bado changa, na Mei 2020 kiini 5.7 kikaja na iliyo bora zaidi, iliyochangiwa na Samsung.

Laptopu yangu ilikuwa na kiini 4.15. Ilizaliwa kabla ya ruhusa. Basi.

Fikiria jambo hilo. Mzee wa Kate anazungumza Kifipa kuhusu chuma cha Ufipa, sauti yake iko mkononi mwangu, nzima kabisa, na haifunguki kwa sababu ya suala la leseni lililoanzia ng'ambo na kumalizika miaka miwili kabla. Na karibu niambiwe hakuna kitu humo ndani.

Haya, tuje kwenye kazi. Yafuatayo ndiyo niliyofanya usiku ule na asubuhi yake, kwa mpangilio. Nimeyachukulia kama mahojiano na mashine, maana ndiyo kazi ninayoijua.

Kwanza, macho kabla ya vidole. Tazama meno ya dhahabu ya kadi. Vumbi la kiangazi hupenda kukaa hapo. Futa kwa kitambaa kikavu kilicho laini. Ukiwa na microSD ndani ya adapta, jaribu adapta nyingine, maana mara nyingi mgonjwa ni adapta. Kisha tazama kile kiswichi kidogo cha ubavuni. Kisukume upande wa kufunga. Kadi ikiwa imefungwa kompyuta huweza kuisoma ila inaambiwa isiiandike, na kadi yenye kitu cha thamani isiandikwe kitu chochote mpaka uwe na nakala.

Pili, uliza kama kadi inaonekana. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika:

lsblk

Itakupa orodha ya diski zote. Kadi iliyo kwenye tundu la laptopu kwa kawaida huitwa mmcblk0, na sehemu yake ya ndani mmcblk0p1. Ukitumia kisoma kadi cha USB huenda ikaitwa sdb na sdb1. Ukiona jina na ukubwa unaolingana na kadi yako, furahi, kwa sababu kadi inapumua. Yangu ilionekana, na ukubwa wake sahihi.

Tatu, kama haionekani, msikilize shahidi wa ndani. Chomoa kadi, ichomeke tena, kisha andika:

sudo dmesg | tail -n 30

Hayo ni maneno ya kiini cha mfumo chenyewe, kinavyoandika kila kinachotokea. Ukiona kosa lenye namba -110, maana yake kiini kilimwita mgeni, kikasubiri, muda ukaisha bila jibu. Hapo jaribu kisoma kadi kingine kabla hujalia. Ukiona makosa ya kusoma yanayotaja sekta hii na sekta ile, kadi yenyewe inaumwa, na nitasema la kufanya. Ukiona onyo kwamba kadi haikufungwa vizuri mara ya mwisho, pengine betri ya kamera ilizimika ikiwa kazini. Kwa kawaida hilo si kifo. Na kama hakuna neno hata moja jipya, basi kisoma kadi hakijaiona kabisa, tatizo ni mguso.

Nne, iulize kadi inazungumza lugha gani:

sudo blkid

Utaona aina: vfat, exfat, ntfs, ext4 na kadhalika. Yangu ilijibu exfat bila kusita. Yaani kadi ilijitaja jina, tena kwenye mashine ileile iliyoshindwa kuifungua!

Tano, mpe mkalimani. Kwa mfumo wa jamii ya Debian na Ubuntu wa miaka ile, amri ilikuwa hii:

sudo apt install exfat-fuse exfat-utils

Kwenye matoleo ya sasa kifurushi cha pili kimepokewa na kingine kiitwacho exfatprogs, na kwa kiini cha 5.7 kwenda mbele kusoma exFAT kumo ndani tayari. Asubuhi niliunganisha laptopu na simu yangu, nikanunua bando la siku. Mkalimani mwenyewe alikuwa mdogo kuliko picha moja ya simu. Kisha nikaipachika kadi kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/mmcblk0p1 /mnt

Ikafunguka. Mafaili yote, siku zote mbili. Mwenye duka akainamia kioo, akamsikia mzee anaimba, akasema, "Mungu wangu, nilikuwa naifuta hii."

Sita, nakili kwanza, shangilia baadaye. Nilinakili kila kitu kwenye laptopu na kwenye diski ya nje, kisha nikailinganisha nakala na kadi kwa amri ya diff -r, ambayo ikikaa kimya maana yake havina tofauti. Ukimya wa namna hiyo ndio pekee ninaoupenda kwenye kompyuta.

Habari zikaenea, na Kate si mji mkubwa. Kabla ya jua kutua nilikuwa nimeletewa kadi tatu. Nisiwadanganye, si zote zilipona. Moja ilikuwa ya kwaya: microSD iliyoandikwa GB 128, iliyonunuliwa bei ya kutupa. Majina ya video yote yalionekana, lakini nusu yake hazichezi. Hiyo haikuwa shida ya lugha. Ilikuwa uongo. Kadi bandia hupangwa itaje ukubwa isiokuwa nao. Ukijaza hadi mwisho wa ukubwa halisi, kinachofuata kinatupwa au kinaandikwa juu ya cha mwanzo, na kadi inaendelea kusema "nimepokea, nimepokea". Majina yanabaki, mwili haupo. Nilimwonea huruma mwalimu wa kwaya, maana hakuna programu inayoweza kurudisha kile ambacho hakikuwahi kuandikwa.

Kwa hiyo ukinunua kadi mpya, ipime kabla hujaitegemea. Linux ina vifaa viitwavyo f3. Amri ya f3write huijaza kadi kwa mafaili ya majaribio, na f3read huyasoma na kukuambia mangapi yamerudi salama. Fanya hivyo ikiwa tupu tu! Usijaribu kwenye kadi yenye harusi ya mtu.

Ya pili ilikuwa inaumwa kweli, yenye makosa ya sekta. Kadi ya namna hiyo usiibishie hodi mara mia, kila kusoma kunaweza kuichosha zaidi. Tumia GNU ddrescue kuchukua taswira yake nzima, ikianza na sehemu nzima na kuacha mbovu kwa baadaye:

sudo ddrescue /dev/sdb kadi.img kadi.map

Hakikisha kwa lsblk kwamba sdb kweli ndiyo kadi, na kwamba diski yako ina nafasi ya kutosha. Baada ya hapo iache kadi ipumzike, fanya kazi kwenye ile taswira. PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, hutafuta picha na video ndani yake hata kama daftari la ghala limechanika, ingawa majina ya mafaili hupotea. Mama mwenye kadi ile alipata picha nyingi za mtoto wake, si zote. Ya tatu ilikuwa na adapta mbovu tu. Ilipona kwa dakika moja, na nikapewa sifa nisizostahili.

Turudi kwenye lile neno nililowaomba mlishike. Pale kwa mzee nilisikia Kifipa nisichokielewa, na haikunijia hata kidogo kusema kwamba mzee ameharibika. Nilijua pungufu ni mimi, nikatafuta mkalimani. Mtu akizungumza tunalijua hilo. Kwa nini kadi ikizungumza lugha tusiyoijua tunakimbilia kuizika?

Wenye umri mnakumbuka mwaka 2004. Mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilisaidia kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akatoa Ubuntu, ambayo jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Tulifurahi kwamba kompyuta itazungumza lugha yetu kwenye kioo. Ilikuwa furaha ya haki. Lakini kuna lugha nyingine hatukuijadili sana, ile ya chini, ambayo kwayo sauti zetu na picha zetu zinaandikwa ndani ya kadi. Hiyo hatuichagui. Tunanunua kadi dukani tayari imechaguliwa. Siku mwenye lugha akifunga mlango, babu yako anabaki ndani.

Simlaumu mtu, na exFAT leo iko wazi. Ninachosema ni kwamba wanaotunza kumbukumbu za watu, iwe parokia, shule, kwaya au waandishi wadogo kama mimi, tujue vitu vyetu vimeandikwa kwa lugha gani, na ni nani anayeruhusiwa kuisoma. Familia ya mzee niliwaachia nakala kwenye kadi ya GB 32 yenye FAT32. FAT32 haipokei faili moja la GB 4 na kuzidi, kwa hiyo niliikata video vipande vidogo. Sura si nzuri kama ya asili, lakini inafunguka kwenye simu yoyote pale nyumbani, na hilo ndilo lililotakiwa.

Mimi na mjukuu tulikaa mwezi mzima wa Oktoba tukitafsiri, yeye Kate, mimi mjini, kwa simu na vipande vya sauti. Kuna maneno ya matanuru ambayo naye hakuyajua. Alikwenda kumuuliza bibi yake, na bibi akamtuma kwa dada yake mkubwa kijiji cha pili, na huko neno likapatikana. Maneno manne bado hatujayapata. Kwenye daftari letu tumeyaandika kama tulivyoyasikia, na mbele yake tumeweka: halijaeleweka. Hatukuandika limepotea.

Basi ndugu msomaji, siku mashine ikikuuliza kwa adabu kama ifomati, jibu hapana. Iulize kwanza imeshindwa kuelewa nini.